Dakika Ishirini Penye Mfereji



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara. Habari za mishahara mtazipata kwa makatibu wa matawi. Twaandika juu ya moto, kwa sababu wengi wetu twala kwa moto: wapishi na wasaidizi wa jikoni, watu wa boila, madobi, waoka mikate, na kina mama na kina dada wanaofanya kazi katika nyumba za watu. Mtazameni mtu yeyote aliyekaa katika kazi hizi miaka mitano, mtaona alama mkononi mwake. Tumezizoea alama hizi hata twazicheka. Lakini jambo lililotokea juzi halikutuchekesha, na twaona yafaa wote walijue.

Katika hoteli moja ambayo hatutaitaja, maana shauri lake bado liko mezani, msaidizi mmoja wa jikoni alikuwa akiteremsha sufuria kubwa ya supu pamoja na mwenzake. Ilikuwa saa saba kasorobo, wageni wanangoja chakula. Sakafu ilikuwa na mafuta. Mwenzake akateleza, sufuria ikainama, na supu ikammwagikia ndugu yetu mkono wa kulia, toka kiwiko hata vidole. Watu wote wakakimbia kumsaidia, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mmoja akaleta unga wa ngano. Mwingine akavunja yai. Wa tatu akalikimbilia sanduku la huduma ya kwanza, akalikuta na kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa stoo, naye mtu wa stoo amekwenda sokoni. Kufuli lilipovunjwa ndani mlikuwa na mkasi, bendeji moja, na kitabu cha risiti.

Mfereji wa maji ulikuwa hatua tatu kutoka pale aliposimama.

Mwosha vyombo mmoja, msichana aliyeandikwa kazi mwezi uleule, akasema, "Mtieni maji." Wakamjibu kwamba maji yataleta malengelenge. Msichana hakuwasikiza, akamvuta yule ndugu mpaka kwenye mfereji akaufungua. Hazikupita dakika mbili, msimamizi akaja na kusema yatosha, watu wanangoja chakula, na aliyeungua aende akakae nje mpaka gari lipatikane. Mfereji ukafungwa. Mkono ukapakwa yai, ukafungwa kitambaa cha kufutia vyombo, na gari likapatikana baada ya saa moja na nusu.

Aliyeleta yai ni mwakilishi wetu wa kazini. Twalisema hili kwa idhini yake. Mtu huyu anaijua mikataba yetu kifungu kwa kifungu, na hakuna meneja awezaye kumdanganya juu ya saa za ziada, lakini juu ya mkono ulioungua alijua lile aliloambiwa na bibi yake. Kosa si lake peke yake. Sisi wa ofisi ya chama hatukumfundisha, na katika miaka yote tuliyokaa na waajiri tumedai sare, likizo na nauli, wala hatukuuliza hata siku moja ufunguo wa lile sanduku unakaa kwa nani.

Ndugu yetu alikaa nyumbani wiki sita. Kidonda kilitunga usaha. Sasa amerudi kazini, lakini vidole viwili vya mwisho havinyooki sawasawa, na kisu kizito hakishiki kama zamani. Hatusemi kwamba maji yangaliponya yote, maana supu ile ilikuwa ikichemka. Twasema kwamba alinyimwa dawa iliyokuwa bure, iliyokuwa karibu, na iliyokuwa bora kuliko zote ambazo zingaliweza kupatikana katika saa ile.

Wapishi hawahitaji maneno mengi kulielewa jambo hili. Mpishi ajua kwamba nyama ikiondolewa motoni haiachi kuiva palepale, na kwamba sufuria ya githeri yaendelea kutokota baada ya jiko kuzimwa. Basi mwili ni nyama. Maji moto yakimwagika na kuanguka chini, joto lake limekwisha kuingia ndani ya ngozi, nalo laendelea kuiunguza chini kwa chini. Maji ya baridi yanayopita juu yake yalichukua joto lile na kulitoa. Dakika moja haitoshi, wala dakika mbili alizopewa ndugu yetu. Madaktari wa majeraha ya moto wasema ziwe dakika 20, na maji yawe yale ya kawaida ya mfereji, yakimiminika polepole. Mapema ni bora, lakini hata kama umechelewa usikate tamaa: maji yanafaa bado mpaka saa tatu baada ya kuungua. Maana yake ni kwamba ndugu yetu angaliweza kutiwa maji muda wote alipokuwa nje akingojea gari. Alikaa kwenye kreti la soda, na mfereji wa bustani ulikuwa nyuma yake.

Na hayo malengelenge? Hayaletwi na maji. Huletwa na moto, nayo yatatokea ukitia maji au usitie. Ukitia, huenda yakawa madogo. Usiyapasue. Ngozi ile iliyoinuka ni kifuniko kisafi kuliko bendeji yoyote ya dukani.

Sasa juu ya zile dawa zetu. Unga hushikamana na kidonda, na hospitalini sharti uoshwe na kukwanguliwa, na aliyewahi kukwanguliwa hataki kusimulia. Yai bichi huleta vijidudu. Samli, mafuta ya kupikia na Blue Band huzuia joto lisitoke, kama vile mfuniko juu ya sufuria. Dawa ya meno huhisi baridi kwa sababu ya ule mnanaa wake, lakini ubaridi huo ni wa kudanganya, na baadaye daktari hawezi kuiona rangi ya ngozi. Barafu nayo yaonekana kama jambo la akili, hasa kwa sisi tulio karibu na friji za hoteli, lakini barafu yaweza kuijeruhi ngozi mara ya pili. Mshubiri na asali vina watu wake, na hatutaki ugomvi na wazee. Ila havichukui mahali pa maji, na visipakwe kabla mganga hajakiona kidonda.

Wengine watatuambia: ninyi mwasema maji, sisi maji yako wapi? Wanachama wetu wa Nairobi na Mombasa wajua maana ya mfereji unaotoa upepo siku tatu. Basi pigeni hesabu hii. Jerikeni moja ina lita 20. Ukimimina kwa kikombe kidogo kidogo, kiasi cha lita moja kwa dakika, jerikeni moja yatosha dakika 20. Kwa hiyo katika kila jiko na kila nyumba ya dobi pasikosekane jerikeni moja iliyojaa maji safi, yenye alama, ambayo haiguswi kwa kupikia wala kupigia deki. Kama maji ni haba kuliko hayo, tia mkono ndani ya beseni la maji, au weka kitambaa safi kilicholowa na kukibadili kila kinapopata joto. Si sawa na maji yanayopita, lakini ni afadhali kuliko unga.

Wakati maji yanapita, vua pete, saa, bangili na kila kinachobana, maana mkono utavimba upesi na pete itageuka kamba. Vua nguo iliyolowa maji moto, kwa kuwa inashika joto. Lakini nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Kata pembeni yake, iache. Na mwili uliobaki ufunikwe blanketi, hasa akiwa mtoto, maana tunataka kupoza kidonda wala hatutaki mtu ashikwe na baridi. Maji yakiisha kufanya kazi yake, funika kidonda kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, ambayo kila jiko la hoteli linayo. Tupa mzunguko wa kwanza, tumia unaofuata, nayo ilazwe juu tu bila kuzungushwa na kukaza. Pasipo plastiki, kitambaa safi kisicho na manyoya. Pamba hapana, maana hunasa.

Hapa twaonya jambo moja ili tusieleweke vibaya. Maji ni ya mtu aliyeungua. Si ya karai la mafuta lililoshika moto. Ukimwaga maji juu ya mafuta yanayowaka, moto utaruka mpaka darini, na tumekwisha kuona jiko zima likiungua kwa kosa hilo. Zima gesi ikiwa waweza kuifikia, funika karai kwa mfuniko au kwa blanketi la moto, uliache vivyo hivyo mpaka lipoe. Na mtu ambaye nguo zake zinawaka asikimbie. Alale chini ajiviringishe, na mwenzake amfunike kwa blanketi zito. Nguo za nailoni siziwe karibu naye, maana huyeyuka juu ya ngozi.

Madobi na wasafishaji wana moto wao usio na miali. Kostiki soda na dawa za kusafishia meko huunguza bila moshi, na maji ya betri vivyo hivyo. Kwa hayo dakika 20 ni mwanzo tu. Endelea kumwagia maji mengi, na uendelee hata njiani kama waweza. Ikiwa ni unga mkavu, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha maji. Usijaribu kumwaga siki juu ya kostiki ukidhani kimoja kitakiua kingine, kwa kuwa vikikutana huleta joto jipya. Ikiingia jichoni, inamisha kichwa ili jicho lililoumia liwe chini, maji yatoke upande wa pua kwenda nje, yasije yakaingia la pili. Ndugu zetu wa ujenzi, ambao si wa chama hiki lakini husoma karatasi hii, wajue kwamba saruji mbichi ni ya jamii hiyohiyo. Ikiingia ndani ya buti haiumi mwanzoni. Jioni mtu avuapo buti hukuta ngozi imekwisha kufa.

Umeme ni shauri jingine kabisa. Zima swichi kubwa kabla hujamgusa mtu. Alama yaweza kuwa ndogo kama shilingi huku ndani ya mwili mna uharibifu mkubwa, hata moyo ukabadili mapigo. Mtu wa umeme aende hospitali hata kama anacheka.

Ni nani mwingine wa kwenda hospitali? Pima kwa kiganja cha aliyeungua mwenyewe, pamoja na vidole vilivyofungwa pamoja: hicho ni kiasi cha sehemu moja katika 100 ya mwili wake. Jeraha kubwa kuliko kiganja hicho liende hospitali. Kadhalika jeraha la usoni, mikononi, nyayoni, sehemu za siri, au juu ya kiungo kama goti na kiwiko, hata likiwa dogo. Aliyevuta moshi ndani ya chumba kilichofungwa, au sauti yake imekauka, au ana masizi puani, asingoje hata kidogo. Watoto wachanga, wazee na mama wajawazito waende. Na mtu asiyesikia uchungu aende mbele ya wote. Hapa wengi hukosea. Jeraha likiwa jeupe, au jeusi, au gumu kama ngozi ya kiatu, na mwenyewe asema haumii, si kwamba jeraha ni dogo. Mishipa ya kuhisi maumivu imeungua pamoja na ngozi. Tumewaona wanaume wakirudi kwenye meko wakijisifu, na usiku wakabebwa.

Hospitali iulizwe habari ya sindano ya pepopunda. Ikiwa mkono ndio ulioungua, kila kidole kifungwe peke yake, mkono uinuliwe, na mgonjwa avikunje na kuvinyosha vidole kila siku kama alivyoonyeshwa, hata kikiuma. Ngozi ya moto inapopona hujikunja. Vidole vikiachwa vimekunjwa kwa kuogopa uchungu, vitapona vikiwa vimekunjwa. Kwa mtu anayekula kwa mikono yake jambo hili si dogo.

Sasa tuwageukie kina dada wa majumbani, ambao twajua wengi wao hufanya kazi bila mwenzao wa kumwita. Kwenu ninyi anayeungua mara nyingi ni mtoto. Amevuta kitambaa cha meza na birika la chai limekuja nacho, au amekaribia beseni la maji ya kuoga kabla halijatiwa maji ya baridi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chai isiyomwunguza mkubwa yaweza kumbabua yeye. Twajua pia mnachokiogopa. Mwaogopa kwamba mwenye nyumba atawafukuza, na kwa ajili ya hofu hiyo wako waliompaka mtoto mafuta, wakamvika nguo ya mikono mirefu, wakangoja jioni. Twawasihi msifanye hivyo. Mtieni mtoto maji kwanza, dakika zile 20, huku mkimfunika sehemu nyingine, ndipo mpige simu, na mwenye nyumba aambiwe kweli yote. Waajiri wanaopata karatasi hii mikononi mwa wafanya kazi wao nasi twawaambia: yaya aliyemtia mtoto maji kisha akawapigia simu ameuokoa mwili wa mtoto wenu. Msianze kwa kumgombeza. Kama aliyeungua ni yeye mwenyewe, ni mfanya kazi aliyeumia kazini, sawa na mtu wa kiwandani.

Na mafuta ya taa yasitiwe katika stovu inayowaka. Nchi hii imekwisha kuzika watu wengi kwa ajili ya mafuta: Sachangwan mwezi wa Januari mwaka 2009, Sinai hapa Nairobi Septemba 12, 2011. Siku zile magazeti yote yaliandika. Stovu inayolipuka katika chumba kimoja haiandikwi na mtu.

Turudi kwa yule msimamizi aliyefunga mfereji. Yeye naye si mtu mbaya. Alikuwa na wageni mezani na meneja nyuma yake. Aliona dakika 20 ni muda mrefu kwa mtu kusimama bila kazi wakati wa chakula. Basi na tupige hesabu pamoja naye. Aliokoa dakika 18. Akapoteza wiki sita za msaidizi wake, na mtu wa kibarua aliyewekwa mahali pake alivunja sahani siku ya kwanza.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile ya viwanda iliyoanza kazi mwaka 1951, yahusu kila mahali pa kazi. Yataka sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali panapofikika kwa urahisi. Sanduku lenye kufuli na ufunguo uliokwenda sokoni halifikiki. Yataka ajali iandikiwe ofisa wa usalama wa kazi ndani ya siku saba. Yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, yamtaka mwajiri awe na bima na kulipia matibabu. Mwanachama asikubali kuambiwa "jitibu kwanza, tutaona", wala asitie sahihi karatasi yoyote hospitalini bila mwakilishi kuisoma.

Lakini hakuna sheria tunayoijua isemayo kwa maneno wazi kwamba mtu aliyeungua asiondolewe kwenye maji kabla ya dakika 20. Hilo sharti tulidai wenyewe, liandikwe katika mkataba ujao: kwamba dakika hizo ni za kazi, zina malipo, na kwamba msimamizi yeyote hana amri ya kuufunga mfereji. Halmashauri imekubali liingizwe katika madai.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila mwakilishi wa kazini atuletee majibu ya maswali manne, kwa maandishi. Mfereji ulio karibu na meko uko hatua ngapi? Siku ambayo hauna maji, jerikeni iko wapi? Ndani ya sanduku mna nini? Na ufunguo ni wa nani? Penye kufuli, tuambieni vilevile ni nani aliyelifunga. Yule mwosha vyombo tumemwomba aje mkutanoni aonyeshe alivyofanya, naye amekubali, ikiwa ataruhusiwa zamu yake.